Vijidudu vinavyopenda moto, chumvi na magadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila mara watu wa huku Dodoma, Singida na Manyoni wanapoanza kuongelea hizi habari. Wanaouliza ni wachimbaji wadogo, wakulima wa zabibu, wanafunzi, na wapo waliouziwa kidumu cha "bakteria wa miujiza" wanataka kujua kama wamepigwa au la. Nimeanza na ya msingi halafu tunaenda kwenye yale magumu, na pale nilipoandika "tazama" ujue jibu lipo sehemu nyingine sitaki kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

Hivi ni vijidudu gani hasa mnavyovisema?

Ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, wengi wao bakteria na jamii nyingine inayoitwa arkea, ambavyo vinastawi sehemu ambayo kiumbe wa kawaida angekufa: maji yanayochemka, chumvi iliyokolea, magadi, asidi kali, barafu, mionzi. Kitaalamu wanaitwa ekstrimofaili. Sio kwamba vinavumilia tu, vingi vyao ukivipeleka kwenye maji safi ya vuguvugu ndo vinakufa. Yaani kwao huko kwenye moto ndo nyumbani.

Kuna mpaka arkea mmoja wa chini ya bahari aliyeoteshwa maabara kwenye nyuzi 122 za Selsiasi, chini ya mgandamizo mkubwa (hiyo ilitangazwa 2008), na mwingine kutoka Hokkaido, Japan, anapenda asidi ya pH kama 0.7 ambayo ni ya kuchoma kabisa (pH ni kipimo cha ukali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali kama magadi).

Vinawezaje?

Kila kundi lina ujanja wake. Wanaopenda moto protini zao zimefungwa vizuri hazifunguki zikipata joto, yai likichemshwa linaganda kwa sababu protini zake hazina huo ugumu. Wanaopenda chumvi aidha wanajaza potasiamu ndani ya seli ili chumvi ya nje isiwanyonye maji, au wanatengeneza kitu kinachoitwa ektoini kinachoshika maji ndani. Wanaokaa kwenye asidi wanaisukuma nje muda wote, ndani ya seli mambo yako karibu kawaida.

Hili la protini ngumu lishike, maana karibu biashara yote ya hivi vijidudu inatokea hapo. Viwandani wanachotaka mara nyingi ni vimeng'enya vyake (enzaimu, kama wengi tunavyoita), yaani zile protini zinazofanya kazi ya kukata na kuunganisha vitu, kijidudu chenyewe hawana shida nacho.

Huku katikati ya nchi vipo au ni mambo ya Marekani?

Vipo tele. Singidani na Kindai pale Singida mjini ni maziwa ya chumvi na magadi, ndo maana unaona heroe wanakuja. Mbuga ya Bahi maji yakikauka inabaki na ukoko mweupe juu ya udongo, na watu wa huko tangu zamani wanaukwangua ule udongo, wanauchuja kwa maji na kuchemsha mpaka wapate chumvi. Ule ukoko una wakazi wake. Ukipanda kaskazini kuna Eyasi, kuna chemchemi za Maji Moto pembeni ya Ziwa Manyara, halafu Natron ambayo pH inapita 10 na maji yake ya kina kifupi yanaweza kufika nyuzi 60.

Hata jikoni kwako umo. Yale magadi unayotia kwenye mlenda mkavu ili uvutike vizuri ni chumvi ya alkali ileile ambayo kwenye maziwa haya kuna vijidudu vinaishi ndani yake maisha yote.

Havileti magonjwa?

Kwa sehemu kubwa hapana. Kijidudu kilichozoea nyuzi 80 kikiingia mwilini mwako kwenye nyuzi 37 kinaganda na njaa, hakina la kufanya. Na katika arkea wote mpaka leo hakuna hata mmoja aliyethibitika kuwa ndo chanzo cha ugonjwa kwa binadamu.

Ila usichanganye hilo na kuogelea kwenye maji ya moto ya asili. Maji ya vuguvugu kwenda juu kidogo, mpaka kama nyuzi 45, yanaweza kuwa na amiba anayeitwa Naegleria fowleri anayepitia puani kwenda kwenye ubongo. Ni nadra sana lakini anayeugua mara nyingi haponi. Kunawa miguu sawa, kupiga mbizi na maji kuingia puani ndo hapana.

## Hospitali na maabara

Mimi wa kawaida vimenisaidia nini mpaka sasa?

Kama umewahi kupimwa Korona kwa kipimo cha PCR, au mtoto wako mchanga alitolewa tone la damu kwenye karatasi kupima VVU, au ulipeleka makohozi yakawekwa kwenye mashine ya GeneXpert kuangalia kifua kikuu, teknolojia uliyotumia imejengwa juu ya kijidudu cha chemchemi ya moto.

Stori yake ni hivi. Mwaka 1966 mtafiti Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria kwenye chemchemi za Yellowstone, Marekani, anayestawi kwenye nyuzi kama 70, wakamwita Thermus aquaticus, wakaandika habari zake 1969. Hawakuwa wanatafuta pesa wala dawa, walitaka tu kujua nani anaishi mle. Mwaka 1983 mkemia Mmarekani Kary Mullis akapata wazo la PCR, njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA mpaka kiwe mabilioni, mizunguko 30 inatosha kufika kwenye bilioni moja kutoka nakala moja tu. Shida ilikuwa kila mzunguko lazima upashe mpaka nyuzi 95 hivi ili kamba mbili za DNA ziachane, na kimeng'enya cha kunakilia kinakufa kwa joto hilo, kwa hiyo mtu wa maabara alikuwa anakaa pale anaongeza kingine kila mzunguko. Walipochukua kimeng'enya cha Thermus aquaticus, kinachoitwa Taq, kikawa hakifi. Unafunga kijichupa, unaacha mashine ifanye kazi. Mullis akapata Nobel 1993.

Baadaye wakapata kingine cha kutoka kwa Pyrococcus furiosus, arkea wa ufukwe wa kisiwa cha Vulcano, Italia, anayependa nyuzi 100. Hicho kinafanya kazi polepole lakini kinasahihisha makosa yake wakati kinanakili, ndo maana maabara zinazotaka usahihi wa herufi kwa herufi zinakipenda.

## Nyumbani na viwandani

Sabuni ya unga inayosema ina enzaimu, ni hawa hawa?

Ndugu zao kabisa. Maji yenye sabuni ni ya alkali, pH inaweza kufika 10, na kimeng'enya cha kawaida hapo kinakufa. Mjapani Koki Horikoshi alianza mwaka 1968 kuwafuatilia bakteria wanaopenda alkali, na 1987 kampuni ya Kao ikatoa sabuni ya Attack yenye kimeng'enya cha kulegeza nyuzi za pamba ili uchafu utoke. Vingine vinakata protini, damu, jasho, maziwa ya mtoto, na vingine vinakata mafuta.

Sasa matumizi, maana watu wanapoteza hela hapa. Usiiweke kwenye maji yanayochemka, loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa kwanza. Usichanganye na jiki kwenye beseni moja, jiki inaviua. Usifulie sufi wala hariri kwa sababu hizo zenyewe ni protini. Na kama maji yako ni ya kisima kigumu kile ambacho povu linagoma, enzaimu haitibu ugumu wa maji, ni mambo mawili tofauti.

Na ile stori ya jinzi za kupauka?

Ni kweli. Zamani jinzi ilipaushwa kwa kuisuguanisha na mawe ndani ya mashine. Sasa hivi viwanda vingi vinatumia kimeng'enya kinachokula juu juu ya pamba na rangi inatoka nayo. Kimojawapo kilichouzwa na kampuni ya Genencor kilitokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Kenya vilivyokusanywa miaka ya 1990, na mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya likalalamika hadharani kwamba nchi haikupata mgao. Lile sekeseke linafundisha zaidi kuhusu vibali kuliko kuhusu jinzi, tazama swali la sampuli kule mwisho.

Sisi wa mifugo, kuna chochote kwenye ngozi?

Kipo na mimi naona hakisemwi vya kutosha. Kanda hii ina ng'ombe na mbuzi wengi, na kazi chafu kuliko zote kwenye kuchakata ngozi ni kutoa manyoya, wanatumia chokaa na salfaidi ya sodiamu, ile inayonuka kama mayai viza na maji yake yakienda kwenye korongo yanaua kila kitu. Vimeng'enya vya bakteria wa alkali vinalegeza shina la unywele bila kula ngozi yenyewe, na salfaidi inayohitajika inapungua sana. Shida ni kipimo, ukizidisha au ukiacha muda mrefu vinaanza kutafuna uso wa ngozi na hapo daraja linashuka. Kwa hiyo inataka mtu anayepima joto, pH na saa, hii sio kazi ya kukadiria kwa jicho.

Vinatumika kutengeneza chakula na vipodozi?

Ndio. Wanga wa mahindi unageuzwa kuwa sharubati ya glukosi kwa kimeng'enya cha bakteria kinachofanya kazi kwenye joto la kupita nyuzi 100 kwa dakika chache, hiyo inaingia kwenye pipi na biskuti. Mwani wa chumvi anaitwa Dunaliella salina akibanwa na jua na chumvi anajijaza beta-karotini mpaka anakuwa mwekundu, Australia wanamfuga kwenye mabwawa mapana sana.

Halafu kuna ile ektoini ya juu. Iligunduliwa 1985 kwenye bakteria wa maziwa ya magadi ya Wadi Natrun, Misri, na sasa iko kwenye krimu za ngozi na dawa za kupulizia pua. Namna wanavyoipata inachekesha kidogo: wanamfuga Halomonas elongata kwenye maji yenye chumvi nyingi, anajaza ektoini, halafu ghafla wanampunguzia chumvi, anaitema yote nje ili asipasuke, wanaichukua, wanamrudishia chumvi anaanza upya. Wenyewe wanaita kukamua.

Plastiki je?

Halomonas wengine wanatengeneza plastiki inayooza, PHA, wanaihifadhi ndani ya seli kama akiba ya chakula. Uzuri wake ni kwamba ukiwafuga kwenye maji yenye chumvi ya kutosha vijidudu vingine haviwezi kuingilia, kwa hiyo huhitaji kuchemsha tanki zima kuua wadudu kabla ya kuanza, na hiyo gharama ya kuchemsha ndo huwa inaua biashara za namna hii. Wachina wa Chuo Kikuu cha Tsinghua wamelifanyia kazi sana hili. Bado bei haijashinda mfuko wa kawaida.

Spirulina ni nini, naweza kuifuga huku?

Ni bakteria wa kijani wa maji ya magadi, ndo chakula cha heroe wadogo. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Kule Ziwa Chad wanawake wa Kanembu wanaichota, wanaikausha kwenye mchanga na kupikia mboga, wanaita dihé.

Huku jua tunalo, na inapenda pH ya 9 mpaka 10 na kitu, kwa hiyo bwawa dogo lenye bikaboneti linawezekana na maji ya chumvi kidogo sio kikwazo. Lakini usichote tu kwenye ziwa ukauze. Maji ya wazi yanaweza kuwa na ndugu zake wa kijani wanaotoa sumu ya ini, na kwa macho huwezi kutofautisha. Na anayekuambia inatosha kama chanzo cha vitamini B12 anakudanganya, iliyomo nyingi ni ya aina ambayo mwili wetu hauitumii.

Zege linalojiziba nyufa lenyewe, ni kweli au ni kiki?

Ni kweli, na kwa mji unaojengwa kama Dodoma naelewa kwanini linaulizwa. Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, alichukua bakteria jamii ya Bacillus wanaovumilia alkali kali, maana zege bichi lina pH ya juu ya 12, akawaweka wakiwa wamejifunga kwenye mbegu zao ngumu pamoja na chakula cha kalsiamu laktati. Ufa ukitokea maji yanaingia, wanaamka, wanakula, wanatoa chokaa inayoziba. Inaziba nyufa nyembamba, mpaka kama milimita 0.8.

Haitengenezi nguzo iliyopinda wala zege lililokosewa vipimo. Fundi aliyeweka mchanga mwingi kuliko saruji hata bakteria wa Delft hawamwokoi.

Chachu ya mvinyo wa zabibu zetu nayo ni ekstrimofaili?

Hapana, hata kama inavumilia pombe kuliko wenzake. Ila kuna chachu za jamii ya Zygosaccharomyces zinazopenda sukari iliyokolea, hizo ndo zinaharibu juisi nzito ya zabibu na asali. Asali ikivunwa kabla masega hayajafunikwa, maji yakazidi asilimia 18 mpaka 20 hivi, zinaamka na ndoo inaanza kutoa mapovu na kunukia pombe. Wauza asali wa Manyoni na Itigi wanaijua hiyo hasara.

## Migodini

Nasikia kuna bakteria wanaotoa dhahabu kwenye mawe. Ni kweli?

Nusu kweli. Hakuna bakteria anayekula jiwe akakuletea dhahabu. Kinachotokea ni hiki: mawe ya juu yaliyooza, yale ya kutu, dhahabu yake iko wazi, lakini ukishuka chini ya usawa wa maji unakuta mawe magumu yenye salfaidi, yale ya kung'aa ya pairaiti, na hapo dhahabu inaweza kuwa imefungiwa ndani kabisa ya chembe za pairaiti. Unasaga kwenye karasha mpaka unga, zebaki haiikuti, sayanaidi (ile sumu ya kuyeyushia dhahabu) haiifikii, unabaki unalaumu jiwe.

Bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza 1947, wanaishi kwa kuunguza chuma na salfa kwenye asidi. Wanaila ile pairaiti, na dhahabu inabaki uchi. Ndo msingi wa njia inayoitwa BIOX iliyoanza mgodi wa Fairview, Barberton, Afrika Kusini, 1986, na baadaye Obuasi kule Ghana 1994. Mawe yaliyosagwa yanakaa kwenye matanki ya asidi, pH chini ya 2, joto la kama nyuzi 40, yanapulizwa hewa siku nne mpaka sita, ndipo yanapelekwa kwenye sayanaidi kama kawaida. Kuna mawe yanayotoka kwenye kutoa chini ya nusu ya dhahabu yake mpaka kupita asilimia 90.

Mimi nina marudio yangu tu (mchanga uliobaki baada ya kukamata dhahabu), naweza kufanya mwenyewe?

Kwa dhahabu, ushauri wangu ni hapana, na nasema hivi nikijua kuna watu wanapita migodini wanauza vidumu. Kwanza mtu akupimie kama dhahabu yako imefungiwa kweli, marudio mengi yana dhahabu kwa sababu tu yamesagwa vibaya, na dawa ya hapo ni kusaga tena. Pili yale matanki yanataka hewa na umeme usiku na mchana, na joto likipanda sana bakteria wanakufa, maana kazi yao yenyewe inazalisha moto. Tatu, na hili ndo kubwa, mawe ya aina hii mara nyingi yana arseniki, bakteria wakiifungua inaingia kwenye maji, mgodi mkubwa unaiganda kwa chuma na chokaa kabla ya kuimwaga. Wewe utaimwaga wapi?

Shaba ni habari nyingine kidogo. Shaba yenyewe inayeyuka kwenye asidi, kwa hiyo unaweza kurundika mawe, kuyanyeshea asidi na bakteria wakafanya kazi miezi mingi, sehemu kubwa tu ya shaba ya dunia inapita njia hii. Watu wa Mpwapwa wenye mawe ya shaba huwa wanauliza. Inawezekana kwa kikundi chenye mtaalamu na sakafu isiyovuja chini ya rundo. Bila hiyo sakafu unatengeneza tatizo la swali linalofuata.

Maji mekundu yanayotoka kwenye mashimo ya zamani ni nini?

Ni bakteria walewale wakifanya kazi bila kualikwa. Pairaiti ikikutana na hewa na maji wanaiunguza, maji yanakuwa asidi, yanabeba chuma na metali nyingine. Mto Rio Tinto wa Hispania una pH kama 2 na rangi ya mvinyo kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni vijidudu pia, kundi lingine linalogeuza salfeti kuwa salfaidi na kuziganda metali chini ya bwawa lenye samadi au majani yaliyooza, bila hewa. Mabwawa ya hivi yanajengwa nchi nyingi. Angalizo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kundi hilihili, kama kuna zebaki kwenye tope, linaweza kuigeuza kuwa methili-zebaki ambayo inapanda kwenye samaki na ni mbaya kuliko zebaki uliyoimwaga. Kwa hiyo sehemu ya mwalo (pale wanapooshea mchanga wa dhahabu) ambako watu wamekamata dhahabu kwa zebaki miaka mingi, huchimbi tu bwawa la matope ukasema umesafisha.

Kuna bakteria wa kula zebaki?

Hailiwi, ni elementi, haimaliziki. Wapo wanaoigeuza kutoka kwenye hali ya chumvi kuwa mvuke, yaani inatoka kwenye maji inaingia hewani. Kwenye tanki lililofungwa lenye chujio la mkaa hiyo ni kazi nzuri. Kwenye uwanja wazi umeihamisha tu.

Na sayanaidi ya kwenye vati (lile tanki la kuyeyushia dhahabu)?

Hiyo inaliwa kweli. Mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, ulianza 1984 kutumia bakteria kusafisha maji yenye sayanaidi, wanaibadilisha mpaka inabaki kaboneti na naitreti, chumvi zisizo na ukali ule. Jua letu nalo linasaidia kuivunja. Lakini usiache vati wazi mifugo ikanywa ukisubiri bakteria.

## Taka, maji na shamba

Kwenye mboji hawa wanahusika vipi?

Wanahusika sana, na kwa mtu wa Dodoma hapa ndo pana faida ya haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Rundo likianza kuoza, bakteria wa kawaida wanalipasha mpaka nyuzi 40 na kitu, halafu wanawapisha wapenda moto wanaolifikisha 55 mpaka 65. Huo moto ndo unaua mbegu za magugu, mayai ya minyoo na vimelea vya kwenye samadi. Kanuni ya Marekani inataka nyuzi 55 kwa siku 15 na rundo kugeuzwa mara tano ndani ya siku hizo. Ikipita 70 hata wao wanaanza kufa, geuza.

Huku kwetu rundo linashindwa kwa sababu mbili, upepo na ukavu. Watu wanarundika samadi kavu na mabua ya mtama juani wanasubiri miujiza. Fanya rundo liwe angalau mita moja kila upande, changanya samadi na mabua yaliyokatwakatwa, mwagia maji mpaka ukiminya kwenye kiganja yatoke matone mawili matatu sio kutiririka, funika na majani au turubai. Maji ya kufulia yenye jiki usitumie. Baada ya siku tatu nne choma nondo katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike: kama unaiachia haraka kwa moto, wapo kazini. Ikiwa vuguvugu tu ongeza maji au samadi mbichi.

Huhitaji kununua bakteria. Samadi inao.

Basi ile dawa ya choo ya bakteria?

Karo lako tayari limejaa bakteria, wanaingia kila siku unajua wenyewe wanatokea wapi. Ukilipa hela kuongeza wengine mara nyingi huoni tofauti. Karo likijaa tope linanyonywa, hakuna unga utakaolimaliza.

Bayogesi inahitaji hawa wa joto?

Wanaotengeneza gesi ni arkea wasiotaka hewa kabisa. Kuna mitambo ya nyuzi 50 mpaka 55 inayooza haraka, inafaa kiwandani ambako joto lipo la bure, kama pale Hale, Tanga, walikowahi kujenga mtambo wa mabaki ya mkonge. Nyumbani tumia ya kawaida, chini ya ardhi, hata usiku wa baridi wa Juni na Julai haishuki sana. Kikwazo cha huku ni maji, samadi inachanganywa na maji karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo piga hesabu ya ndoo kabla hujapiga ya ng'ombe.

Vinaweza kutoa chumvi na floraidi kwenye maji ya kisima?

Hapana. Kijidudu cha chumvi anaishi kwenye chumvi, haiondoi. Floraidi nayo inashughulikiwa kwa mkaa wa mifupa, au kwa kupata chanzo kingine, WHO inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Anayekuuzia bakteria wa kulainisha maji mkimbie.

Urani ya Bahi na Manyoni, kuna wa kuisafisha?

Kuna wanaoipunguza hatari kwenye maji ya chini ya ardhi. Bakteria jamii ya Geobacter wakilishwa asetati wanaibadilisha urani kutoka hali inayoyeyuka kuwa isiyoyeyuka, inakwama kwenye mchanga. Ilijaribiwa uwandani Rifle, Colorado. Urani haijapotea, imesimama, na hewa ikiingia tena inaweza kuanza kuyeyuka upya.

Yule maarufu wa mionzi, Deinococcus radiodurans, aliyepatikana 1956 kwenye nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ili iwe safi, anavumilia grei 5,000 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini) wakati mtu anakufa kwa kama 5. Wamemwekea jeni za kushughulikia zebaki maabara, mwaka 2000. Kumwachia porini ni swali la sheria za viumbe waliobadilishwa vinasaba, na hilo halijawa rahisi kokote.

## Maswali ya pembeni

Kwanini maabara zinashindwa kuviotesha?

Agaa, ile jeli ya kawaida ya kuoteshea vijidudu kwenye sahani, inayeyuka kwenye nyuzi za themanini na kitu, sahani inakauka, na wengine hewa inawaua. Wanatumia jeli nyingine na vyombo vya kufunga. Ndo maana siku hizi watafiti wengi wanasoma DNA yote iliyomo kwenye tope bila kuotesha mtu, wanachagua jeni ya kimeng'enya wanachotaka na kuiweka kwa bakteria mwepesi kufuga.

Naweza kuchota maji ya Singidani nikawauzia wazungu?

Usithubutu bila vibali. Utafiti Tanzania unapita COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kupeleka sampuli nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha nyenzo unaosema nani anafaidika kitu kikiuzwa. Kimataifa ipo Itifaki ya Nagoya, ilipitishwa 2010 ikaanza kazi 2014, inayotaka ridhaa na mgao kabla ya kuchukua. Sampuli isiyo na karatasi kampuni makini haitaigusa hata ukiwapa bure, wanaogopa kesi. Kijiji nacho kihusishwe mwanzo, sio baada ya picha kutoka gazetini.

Nina diploma ya maabara, nianzie wapi?

Anzia kwenye kupima. Mtu anayejua kupima pH, chumvi na joto sawasawa, akaandika tarehe na sehemu aliyochota, ni adimu na anahitajika kwenye ngozi, kwenye mabwawa ya maji taka na kwenye migodi. Degrii ya mikrobaiolojia au bioteknolojia iongezee na kemia kidogo, wengi wanaikimbia kemia halafu wanakwama kwenye hesabu za asidi. Ukiwa na nafasi ya mafunzo kwa vitendo chagua kiwanda cha ngozi au mgodi unaotumia matanki kuliko ofisi yenye kiyoyozi.